Nenda Ukamnuse Baba Yako

Mama amenitumia asali kwa basi. Konda alinikabidhi chupa ya maji ya kunywa iliyofungwa shingoni kwa vipande vya mpira wa baiskeli, vimekazwa kana kwamba ndani mna mtu anayetaka kutoroka. Nilivikata kwa kisu jikoni kwangu hapa Mwanza, nikafungua kifuniko, na kabla sijaonja hata tone ikanijia ile harufu ya moshi wa majani, nta na gome la mti. Ni asali ya mwisho ya mizinga ya baba. Nikakaa pale na chupa puani, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari, nanusa na kunusa. Binti yangu akauliza kama imeharibika. Nikamwambia hapana, naangalia tu kama ni yenyewe.

Wenzangu wa rika langu mkikaa kusimulia utoto mnasema mlichunga mbuzi, mlichota maji, mlifukuza ndege kwenye mtama. Mimi pia hayo niliyafanya, lakini nilipokuwa darasa la pili kijijini kwetu Keza nilipewa kazi ambayo sijasikia mtoto mwingine aliyewahi kuifanya. Kazi yangu ilikuwa kumnusa baba mdomoni na kupeleka taarifa kwa mama.

Baba alikuwa mtu wa nyuki. Migomba na kahawa tulikuwa navyo kama kila nyumba, lakini hivyo alivilima kwa sababu lazima watu wale. Moyo wake ulikuwa kwenye mizinga ya magogo aliyoitundika mbali, kule porini upande wa Biharamulo, ambako miti ni mingi na watu wachache. Aliondoka na baiskeli, madumu yamefungwa nyuma, ovaroli lake la bluu mwilini, na akirudi tulimjua kwa harufu kabla hajafika kwenye kona ya migomba. Kule porini walikuwapo mbung'o, wale nzi wakubwa wanaouma hata juu ya nguo, na wanaofuata kitu chochote kinachokwenda. Baba alisema wanalipenda ovaroli lake kwa sababu wanajua nguo nzuri wakiiona. Alituambia pia kwamba kuna sehemu watu wa serikali wametundika vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye sumu ili mbung'o watue wafe, na mimi nikabaki nikiamini kwamba katikati ya lile pori anaishi fundi cherehani anayeanika kazi zake.

Jina langu ni Leokadia, na baba ndiye aliyelikata likawa Leo. Nyumbani tulisema Kihangaza, na kwa Kihangaza leo si neno la kitu chochote, kwa hiyo niliishi vizuri na jina langu mpaka nilipoanza shule. Siku mwalimu alipoita majina akasema, "Leo hayupo leo?" darasa zima likaangua kicheko, na mimi niliyekuwapo nikaingia chini ya dawati. Nilirudi nyumbani nalia. Baba, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza asali, alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akanirusha juu akasema, "Leo ni Leo!" akanidaka, "asemaye kesho?" na nilitakiwa nijibu, "ni mwongo!" Kuanzia hapo ukawa mchezo wetu wa kila siku. Mimi nilikuwa na hasira za karibu, lakini kwa mchezo ule nilimsamehe mwalimu na darasa lote.

Ugonjwa ulianza na uvimbe. Baba alirudi kutoka porini na kitu chekundu, kigumu, nyuma ya shingo, akasema ni mbung'o, mama akamkanda kwa maji ya moto na ukanywea. Zikaja homa. Siku zile kila homa tuliiita malaria, basi baba akanunua dawa dukani, akameza, akapata nafuu, homa ikarudi, akanunua tena. Kichwa kilimuuma hata akakifunga kwa kitambaa. Halafu likaja lile la kulala. Usiku alikosa usingizi kabisa, akawa anazunguka uani, na mchana alilala popote. Alilala ameegemea jembe. Alilala na ugali mdomoni. Jumapili moja alilala kigangoni katikati ya mahubiri, akakoroma, na katekista akanyamaza kidogo kisha akaendelea kwa sauti ya juu zaidi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba alikuwa anayumba akitembea, na ulimi wake ulikuwa mzito. Kila mtu Keza alijua kwamba mwenye asali hayuko mbali na wanzuki, maana wanzuki ni pombe ya asali, na mtu akiyumba naye ana madumu ya asali nyumbani kwake, nani atahangaika kutafuta sababu nyingine? Jambo lililoniumiza mimi zaidi lilikuwa tofauti. Baba ambaye hakuwahi kupaza sauti alinikaripia kwa sababu ya kijiko, kijiko tu kilichoanguka, na baada ya kunikaripia akaanza kulia. Sikuwahi kumwona baba akilia. Nilidhani ni moshi.

Mama aliogopa pombe kuliko alivyoogopa nyoka, kwa sababu baba yake mzazi alikufa nayo. Lakini kwetu mke hamnusi mumewe. Kumwinamia mwanamume mdomoni kama unayechagua samaki sokoni ni kumtukana mchana kweupe, na akiamka akakukuta hapo mna kesi. Mtoto ndiye hana kosa. Mtoto humpanda baba yake mgongoni, humvuta ndevu, huchungulia hata meno yake, na hakuna anayeuliza. Mama akaniita jikoni, akainama mpaka macho yetu yakalingana.

"Leo, nenda ukamnuse baba yako," akasema. "Mdomoni. Usimwambie nimekutuma."

Nilimkuta amelala juu ya mkeka kibarazani. Nikapanda kifuani kwake, nikaweka pua, nikarudi mbio.

"Ananuka nini?"

"Asali."

"Asali tu? Au wanzuki? Maana hata wanzuki ni asali."

Hilo sikulijua. Mama akafikiri, akanichukua mpaka kwa jirani aliyekuwa akipika pombe ya harusi, akaomba kibuyu kidogo kama anayetaka kuonja, akanisogezea puani. "Hii imechacha," akaninong'oneza. "Umesikia inavyopanda? Hiyo ndiyo pombe. Asali yenyewe haipandi, inakaa." Nikaelewa mara moja. Mpaka leo unaweza ukanifunga macho na sitakosea.

Basi ikawa kazi. Nikitoka shule, kabla ya kuvua sare, nilikwenda kumnusa baba. Mama aliacha chochote alichokuwa anafanya, akauliza, "Ananuka nini?" nami nikajibu, "Asali tu." Nilijivuna sana. Hakuna aliyenieleza maana ya kazi ile, kwa hiyo nilijitafutia mwenyewe, nikaamua kwamba ile ndiyo dawa. Niliwahi kuona mtu akivutishwa mvuke wa majani kwa mafua, nikadhani kunusa kuna njia mbili, na kwamba kila nikivuta pumzi mdomoni mwa baba ninatoa kidogo cha ule usingizi. Ndiyo maana nilivuta sana, mara nyingine mpaka kizunguzungu.

Nilichokuwa sikielewi ni uso wa mama. Nilitegemea afurahi nikisema asali tu, na yeye kila siku alizidi kuinamisha kichwa. Sasa mimi mwenyewe ni mke wa mtu, ndipo nimeelewa. Mama alikuwa anaomba nirudi siku moja na jibu la pombe. Mlevi hugombwa, huitiwa padri, huacha. Angekuwa amelewa, mama angekuwa na wa kugombana naye. Mimi nikawa nampelekea asali, asali, asali, na kila asali ilimwambia kwamba mumewe anaondoka kwa njia ambayo yeye haijui.

Ndipo akaja Shangazi Paskazia, dada mkubwa wa baba, kutoka Bugarama. Alikuja na wazee wa ukoo, wakaketi uani mchana, baba akatolewa ndani akapewa kigoda katikati yao na ndizi choma mkononi ili asionekane kama mshitakiwa. Shangazi alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na Kiswahili chake hakikuwahi kupatana na herufi l. Alikizungumza makusudi siku ile ili jambo lionekane la kiserikali.

"Ndugu yangu," akasema, "tumekuja kwa sababu ya huu urevi. Mpaka kanisani? Sema mwenyewe, tusikie."

"Dada," baba akasema, "mimi si..." Tukasubiri. Kidevu chake kikashuka kifuani polepole. Ile ndizi ikamtoka mkononi ikaanguka, kuku akaichukua akakimbia nayo nyuma ya jiko, na baba alikuwa amelala mbele ya ukoo wake wote.

"Mmeona?" shangazi akasema. "Amerewa saa hizi, jua riko utosini."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akaanza kusema habari za kumnyang'anya mizinga. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nikaona kazi yangu yote inatupwa.

"Hanuki pombe, shangazi," nikasema. "Mimi namnusa kila siku."

Kila mtu akanigeukia. "Unamnusa?" shangazi akauliza.

"Mama ananituma. Ananuka asali tu. Haipandi."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Sikujua kwamba nimeitoa siri yake uani, nilijua tu kwamba nimesema kweli. Shangazi akanitazama, akamtazama mama, kisha akainuka. Lazima niseme kwamba Shangazi Paskazia ndiye aliyepika pombe ya harusi zote za Bugarama, na hapakuwa na kinywaji chochote pande zile ambacho hakukijua. Alimwendea mdogo wake, akapiga magoti kwa taabu, akaweka pua yake kubwa mdomoni mwa baba. Alikaa hapo muda mrefu. Baba hakuamka. Nilipomwona anavuta pumzi nikafurahi, kwa sababu yeye ana kifua kikubwa, atatoa usingizi mwingi.

Alipoinua kichwa hakurudi kwenye kiti. Akakaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kikao.

"Asari tupu," akasema. Halafu akaendelea kwa Kihangaza, na sauti yake haikuwa ya serikali tena. "Nilikuwa namsema ndugu yangu bure. Huyu anaumwa. Anaumwa, na sisi tumekaa kikao."

Mzee mmoja akapendekeza mganga wa kienyeji aliyeko ng'ambo ya kilima. Shangazi akamjibu bila kumtazama, "Hospitali kwanza. Mganga hakimbii." Akatuma mtu akaite pikipiki. Walimweka baba katikati, dereva mbele na shangazi nyuma, na ili asianguke akisinzia shangazi akavua kitenge chake cha juu, akamzungushia baba na dereva pamoja, akafunga fundo. Dereva alilalamika kwamba hawezi kupumua. Shangazi akamwambia apumue akifika.

Mimi na mama tuliwafuata. Nilichukuliwa kwa sababu nilikataa kushuka mgongoni kwa mama, na kwa sababu mgonjwa anahitaji mtu wa kuchota maji. Hospitali ilikuwa na miti iliyopakwa chokaa chini, na wodi ndefu yenye madirisha ya kijani. Daktari alikuwa kijana mwembamba mpole. Alimwuliza mama kazi ya baba, mama akasema mizinga. Wapi? Porini, upande wa Biharamulo. Mbung'o wapo? Wapo. Daktari akaacha kuandika. Wakamtoa baba damu, wakaipeleka kwenye hadubini, na baada ya muda akarudi, akamwita mama pembeni, lakini si pembeni sana.

"Ana malale," akasema.

Hapa inabidi mnielewe. Mimi Kiswahili nilikuwa najifunza, na juzi tu mwalimu alikuwa ametuimbisha: nilale, ulale, alale, tulale, mlale, walale. Malale hakulitaja. Nikajua papo hapo kwamba hiyo ni amri kubwa kuliko zote zile, ya kumlaza mtu moja kwa moja, ndiyo sababu watoto hatufundishwi. Shangazi ndiye aliyezidi kuniharibu, maana alilirudia kwa mshangao, "Marare? Marare?" na kila aliporudia niliona kope za baba zinazidi kuwa nzito. Nikakasirika na daktari, nikakasirika na shangazi, nikaamua kwamba kama wao wanamwamrisha alale, mimi nitamwamrisha aamke.

Kwa hiyo nikaanza kazi mpya. Nilimvuta baba vidole vya miguu. Nilimpulizia masikioni. Nilimtegea vitendawili, kwa sababu vitendawili alivipenda, na zamani alijibu ovyo makusudi ili nicheke. "Nyumba yangu haina mlango," nilisema karibu na sikio lake. Kimya. Nikadai mji kama ilivyo kanuni, na kwa kuwa hakuna wa kunipa nikajipa mwenyewe. Nikaenda Rulenge, nikaenda Biharamulo, nikarudi nikajibu mwenyewe kwamba ni yai. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye viatu visivyolia, alinikuta nimepanda kitandani nimemshika baba kope.

"Mtoto, mwache baba alale."

"Alale ni sawa," nikamwambia. "Malale ndiyo sitaki."

Hakucheka mara moja, na kwa hilo nampenda mpaka kesho. Alinishusha, akaketi na mimi kwenye ukingo wa kitanda. "Malale ni jina la ugonjwa," akasema. "Kama surua. Mbung'o akimwuma mtu anamwachia vijidudu kwenye damu. Vya baba yako vimefika kichwani, ndivyo vinavyomlaza."

"Nikimwamsha vinatoka?"

"Ukimwamsha unamchosha yeye. Vijidudu havichoki."

Nikamwuliza kama kumnusa kunasaidia. Akafikiri, akasema kunusa hakudhuru, mradi nisimpande kifuani.

Walimchoma sindano mgongoni kutoa maji ya uti, wakamwanzishia dawa ya kwenye mshipa. Kabla hawajaanza daktari alikaa na mama na shangazi kwenye benchi la nje, nami nikiwa magotini pa mama. Aliwaambia wazi. Dawa ile ni kali, wapo wanaoshindwa nayo wakafa nayo. Asipopewa hatapona. Na hata akipona, hawezi kuahidi kwamba atakuwa yule yule, maana ugonjwa umegusa ubongo. Mama alikuwa ananisuka nywele, na mikono yake haikusimama.

"Mpeni," akasema. Kisha, baada ya kumaliza msuko mmoja, akauliza, "Atatujua?"

"Tutajua akiamka, mama."

Dawa ilimuunguza. Baba ambaye siku nyingi hakuwa ametikisika alilia kwa sauti ilipoingia, mama akatoka nje, na mimi peke yangu wodini nikafurahi, kwa sababu anayelia hajalala. Halafu akashikwa na homa kubwa, akawa anasema maneno yasiyofuatana, anawaita nyuki kwa majina ya ng'ombe. Shangazi alimshika mkono mmoja, mama mwingine. Wakati mwingine walimshika hata ilipokuwa si lazima, na nilisikia shangazi akimwambia mama, "Ungeninusa na mimi siku ire, ungenikuta nanuka ujinga." Mama akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tulipotoka Keza.

Homa ikashuka. Kila asubuhi daktari alipita, akamwinamia baba, akauliza maswali yale yale, polepole. Mzee, unaitwa nani? Hapa ni wapi? Leo ni siku gani? Baba alimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Daktari alisubiri, akamgusa bega, akaenda kitanda kingine. Mama akawa kila asubuhi anajifunga kanga yake vizuri kabla ya maswali, na kila asubuhi ikapita hivyo hivyo. Mimi nilikaa chini ya dirisha na kikombe cha uji, na niliogopa maswali yale kuliko sindano.

Asubuhi moja daktari alifika na mwenzake, akauliza jina. Kimya. Akauliza hapa ni wapi. Kimya. "Haya, mzee. Leo ni siku gani?"

Baba akageuza shingo. Macho yake yakapita kwa daktari, yakapita kwa mama, yakashuka mpaka kwangu chini ya dirisha.

"Leo ni Leo," akasema.

Daktari akamtazama mwenzake, akatikisa kichwa taratibu. "Bado," akamwambia mama kwa sauti ya pole. "Anarudia tu neno."

Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni na machozi yanapita juu ya vidole. Basi nikaweka kikombe chini, nikaenda mpaka kitandani, nikashika chuma chake.

"Asemaye kesho?" nikauliza.

Midomo ya baba ilikuwa mikavu, imepasuka. Ilichukua muda. "Ni mwongo," akasema.

Mama ndiye aliyemweleza daktari. Alieleza vibaya, analia, anachanganya lugha mbili, ananisukuma mbele na kusema huyu, huyu hapa ndiye Leo, Leo ni huyu. Daktari akapiga goti moja akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima. "Shikamoo," nikasema kwa woga. "Marahaba, Leo," akasema, akavua miwani akaifuta. Shangazi alikuwa tayari amekwenda nje kuwatangazia watu asiowajua.

Tulirudi Keza na mtu aliyetembea kwa fimbo, lakini ni yeye. Ovaroli la bluu shangazi alilikata vipande mwenyewe, hakuomba ruhusa, na kwa muda mrefu masufuria yetu yalishikwa kwa vitambaa vya bluu. Mizinga alitundika mingine karibu na nyumbani, michache, na porini hakwenda tena. Shida ilikuwa usingizi tu. Mtu aliyelala siku zile zote sasa alipojinyoosha mchana kama binadamu yeyote, nyumba nzima iliacha kazi. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuthubutu kumwamsha, wala hakuweza kuondoka. Siku ya kwanza nilipotoka shule nikamkuta amesimama hivyo, naye akanong'ona kama zamani, "Nenda ukamnuse baba yako."

Nikaenda taratibu, nisimpande. Nikaweka pua. Jicho moja la baba likafunguka.

"Leo umechelewa," akasema.

Alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua kwamba nakuja, hata kule chini alikokuwa amezama. Alinieleza baadaye kwamba mambo mengi ya kipindi kile hayakumbuki, lakini anakumbuka pua ya baridi ikimjia kila mchana, na kwamba aliisubiri. Sikumwambia kwamba nilidhani natoa usingizi. Niliona aibu, nikacheka tu.

Aliishi mpaka akazeeka vizuri. Aliwaona wajukuu, akawafundisha ile ya asemaye kesho, akaleta ugomvi kwa sababu kila mmoja alitaka aitwe Leo. Nikienda likizo nilimnusa, mbele ya mume wangu na mbele ya wageni, na yeye alijifanya amelala mpaka nifike, kisha jicho moja. Leo umechelewa. Hata nikifika asubuhi na mapema, nimechelewa.

Mwaka huu, baada ya kula, alisema anajinyoosha kidogo kibarazani. Mama akanipigia simu akasema tu, "Leo, njoo." Basi lilipita katikati ya pori la Biharamulo jua linachomoza, na nilitazama miti dirishani njia nzima. Nilipofika uani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wakanipisha. Baba alikuwa amelazwa mbele yao, ameshaoshwa. Nikapiga magoti, nikainama mbele yao wote, nikaweka pua yangu mdomoni mwake, nikakaa hapo. Alinuka sabuni. Nikasubiri, kwa sababu safari hii nilikuwa nimechelewa kweli.

Mama alikuwa ameketi ukutani, miguu ameinyoosha, mdogo kuliko nilivyomwacha. Akaniuliza kwa sauti ile ya jikoni, "Ananuka nini?"

"Asali, mama," nikamwambia. "Asali tu."